Zamu ya Damu

17 Novemba 1974, Jumapili

Mvua bado. Padre ameiombea leo, na Waislamu wa Ihanja nasikia waliiombea Ijumaa, kwa hiyo ikinyesha kutakuwa na ubishi wa wiki nzima. Mimi ninaitaka kwa ajili ya shamba na ninaiogopa kwa ajili ya Anastasia. Baridi ya mvua ya kwanza humwingia mwanangu kwenye mifupa kila mwaka. Ana miaka tisa, na ukitazama miguu yake utasema sita.

Ugonjwa wake kule hospitali ya misheni wanauita sikoseli. Tangu akiwa mdogo huishiwa damu, midomo inakuwa myeupe, anapumua kama aliyetoka mbio, nasi tunampeleka kuongezewa. Yeye ni kundi O. Damu yangu haimfai, na ya baba yake haimfai. Kwa hiyo wanakijiji ndio wanaomtolea. Mume wangu Melkizedeki, ambaye ni mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyepanga zamu: kila nyumba kumi zitoe mtu mmoja mwenye kundi hilo, na aliyekwisha kutoa asitoe tena mpaka wote wazungukiwe. Asichoke mtu mmoja, wala asijione mtu mmoja. Mgeni mmoja wa wilayani alipoelezwa habari hiyo alisema huu ndio ujamaa wenyewe, akapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko yeye.

22 Novemba

Imenyesha. Ubishi umeanza.

28 Novemba

Leo mgambo wamebomoa tembe la mzee Mughwai kule mahame, makazi ya zamani ng'ambo ya korongo. Ameambiwa tangu Julai ahamie kijijini kama wenzake, na kila mara alijibu kwamba ng'ombe wake hawajasoma siasa. Watu walicheka, lakini operesheni ya kuhamia vijijini haina utani. Melkizedeki alitakiwa awepo, akawepo. Amerudi na udongo kwenye viatu, akala kidogo, akasema mvua iliwakuta uwele wa mzee ukiwa uani, haujafunikwa.

Nilimwambia amefanya sawasawa. Wajukuu wa mzee yule hawajui hata herufi moja, na shule yangu iko hapa, haiko porini. Melkizedeki akajibu, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ambayo hunijibu nayo anapotaka ninyamaze.

3 Desemba

Miguu ya Anastasia imeanza. Amelia tangu alfajiri, sasa ameacha kulia, na kuacha kwake kunanitisha zaidi.

4 Desemba

Tuko hospitali, yeye amelazwa, mimi nimepewa kiti. Tulikuja na lori la ushirika juu ya magunia ya karanga. Zamu ilikuwa ya nyumba kumi za Leonidas, na aliyetoka ni Samweli, yule kijana wa watoto wawili ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani. Njia nzima alikuwa akimchekesha Anastasia. Kijijini kuna utani kwamba mtoto huyu huchukua tabia za waliomtolea: alipopewa damu ya Leonidas alikuwa mbishi mwezi mzima, alipopewa ya mpiga ngoma hakutulia miguu. Samweli akamwambia, "Ukishapata yangu utasema mpaka mwalimu mama yako akuombe likizo." Mtoto alicheka akiwa ameshika goti lake.

Alijaza chupa huku bado anaongea. Bwana Antipasi wa maabara alimwambia anyamaze kidogo damu itoke vizuri, naye akanyamaza kidogo sana.

Jioni midomo ya Anastasia imepata rangi. Nampenda kila mtu leo.

7 Desemba

Nyumbani. Anakula.

8 Desemba

Amecheza nje. Melkizedeki amempelekea Samweli jogoo.

13 Desemba

Sielewi. Jana alipata homa, nikasema malaria, nikampa klorokwini. Leo asubuhi ameniita chooni akiwa na hofu. Mkojo wake ni mweusi, kama chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Macho yamekuwa ya njano. Mgongo unamuuma mahali ambapo haujawahi kumuuma. Siku chache tu zimepita tangu aongezewe damu, na midomo ni myeupe kuliko siku tuliyompeleka. Hiyo damu imekwenda wapi?

14 Desemba

Hospitali. Daktari, Mzungu wa misheni, anasema amebaki na damu kidogo kuliko aliyokuja nayo mara ile. Nilimwomba amwongezee mara moja, maana zamu inayofuata tayari inajulikana na mtu yuko tayari. Akasema, "Mama, tusiharakishe." Mtoto anaisha mbele ya macho yangu na mtu aliyesoma ananiambia tusiharakishe. Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilivyomjibu.

15 Desemba, Jumapili

Antipasi ameniita maabara. Ni mtu wa Kintinku, mpole, ana tabia ya kufuta miwani wakati akitafuta maneno. Alikuwa amechukua damu ya Anastasia, akaiacha itulie mpaka maji yake yakajitenga juu. Maji hayo akayachanganya na tone la damu ya mtu wa zamu inayofuata, akakiweka kichupa kwenye maji ya vuguvugu. Kisha akainua kioo kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia, "Tazama, mwalimu."

Damu ilikuwa imekatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Na wote wawili ni kundi O.

Nikamwambia basi mmekosea kupima kundi. Hakukasirika. Alinieleza hivi, na ninaandika kama nilivyoelewa. Kundi ni jina la ukoo tu. Ndani ya ukoo kila mtu ana alama zake ndogo ndogo kwenye damu, huyu anazo hizi, yule anazo zile. Ukimpa mtu damu yenye alama ambayo yeye hana, mwili wake unaweza kuiona ni ya mgeni, ukatengeneza askari wa kuikamata. Mara ya kwanza hutaona kitu. Askari wanajifunza tu. Ukimletea alama hiyo tena, wanaikumbuka, wanaivunja damu yote uliyomtia, na wakati mwingine hata yake mwenyewe inavunjika. Ule mkojo mweusi ndiyo damu ya Samweli ikitoka.

"Kwa hiyo Samweli ana ugonjwa?"

"Hana. Damu yake ni safi kabisa, ingemfaa mtu mwingine yeyote wa O. Haimfai huyu tena."

"Kwa nini huyu?"

Akafuta miwani. "Amepewa mara nyingi, mwalimu. Tena kila mara mtu mpya. Kila mtu mpya analeta alama mpya, na mwili wake umejifunza nyingi. Pengine angejifunza hata kwa watu wachache, siwezi kukuapia. Lakini nafasi ingekuwa ndogo."

Nilikaa kwenye kiti chake bila kuombwa. Kila mara mtu mpya. Hiyo ndiyo zamu yetu tuliyopigiwa makofi.

16 Desemba

Melkizedeki amekuja. Nimemweleza nje, kwenye ukuta wa jiko la wagonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama Antipasi ni mwanachama wa TANU. Nilitaka kumpiga. Baadaye nikajua ni hofu iliyokuwa ikiuliza, si yeye.

Daktari anataka watu wote wenye O wanaoweza kuja, awapime mmoja mmoja na maji ya damu ya mtoto. Akipatikana mmoja ambaye damu yake haikatiki, huyo ndiye atakayemtolea, na asipewe ya mwingine bila kupimwa hivyo. Na asiongezewe ila pale ambapo hakuna njia nyingine.

18 Desemba

Lori limeleta watu. Wamekuja na nguo za kanisani na kanzu, wakaketi kwenye benchi la maabara wakitaniana nani mwenye damu nzito. Leonidas alikuwa wa kwanza. Imekatika. Wa pili, imekatika. Kila Antipasi alipotoka mlangoni nilijua kwa jinsi alivyoshika miwani. Mpaka mchana benchi likawa tupu na hakuna hata mmoja.

Leonidas alikuja kuniaga akiwa amekunja uso. "Mwalimu, miaka yote damu zetu zilikuwa nzuri. Leo zimeoza?" Nikajaribu kumweleza habari ya alama. Akasema, "Haya," akapanda lori. Nawaelewa. Umempa mtu kitu cha ndani kabisa ya mwili wako, halafu anakwambia hakimfai.

19 Desemba

Anastasia halali, anapumua tu. Ameniuliza kama Samweli amemkasirikia. Nimemwambia hapana. Sijui kama ni kweli, maana Melkizedeki anasema kijijini wameanza kusema damu ya Samweli ndiyo iliyomtia sumu mtoto.

20 Desemba

Antipasi alikuja wodini akaniuliza swali moja: katika wote waliomtolea, ni nani ambaye damu yake ilikaa? Nilifikiri mchana kutwa. Watu hawa wamechanganyika kichwani mwangu, chupa na majina. Lakini kuna mwaka mmoja, Anastasia akiwa na miaka mitano, tulimwongezea damu wakati wa kupalilia, na hatukurudi hospitali mpaka uwele ukavunwa na ukapurwa. Aliongezeka kimo mwaka ule. Alijifunza kuruka kamba.

Nikakumbuka aliyetoa. Nikaona afadhali nisingekumbuka.

Ni mzee Mughwai.

21 Desemba

Nilimwambia Melkizedeki asubuhi. Akasema nimtume mtu mwingine. Nikamwambia, "Ulipokwenda kubomoa, ulimtuma mtu mwingine?" Nilijua linauma, na nililisema ili liume. Ila mimi ndiye niliyemwambia amefanya sawasawa, na yeye hakunikumbusha.

Nimemwacha dada yangu na mtoto, tukaenda pamoja. Korongo lilikuwa na maji ya magotini. Tembe ni lundo la udongo na miti iliyovunjika, na juu ya lundo uwele umeota, ule uliolowa. Mzee amejenga kibanda cha matawi na ngozi ya ng'ombe kando yake. Wajukuu walikuwa wanachunga ndama.

Melkizedeki akasema, "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Aliendelea kusuka kamba. Sijawahi kuona mtu mzima akinyimwa marahaba. Melkizedeki alisimama pale, mvua inamnyeshea kofia, mwenyekiti mzima, kama mtoto aliyechelewa shule. Nami nikasema, "Shikamoo, baba," mzee akaitikia mara moja, "Marahaba, mama. Karibu ukae."

Nikamweleza. Sikumweleza habari ya alama na askari, nilimwambia tu mtoto anakufa, na damu iliyowahi kukaa ndani yake ni ya kwake. Alisuka kamba mpaka nikamaliza.

"Yule wa kike mwembamba?" akauliza. "Mwaka juzi nilisikia ni mgonjwa, nikaja mwenyewe. Nilitembea mpaka ofisini kwenu. Huyu," na hakumtaja jina Melkizedeki, "akaniambia zamu yangu imepita, baba, rudi nyumbani, ni haki ya wengine."

Sikuwa na habari hiyo. Nilimtazama mume wangu. Aliinamisha kichwa.

Hapo mzee akaanza kusema Kinyaturu, akimsemesha yeye sasa, pole pole. Alisema hakukataa watu. Watu anawapenda, amekula nao na kuzika nao. Alichokataa ni kuhamishwa kama gunia. Alisema kama wangekuja kumwomba alale kijijini siku moja kwa ajili ya mtoto angelala hata mwezi. Melkizedeki hakujitetea. Alisema maneno mawili tu, "Nimekosa, baba." Mzee akasimama, akaifunga kamba aliyosuka, akamwita mjukuu mkubwa, akamwonyesha ng'ombe wa kukamuliwa jioni.

"Twende," akasema. Hakuomba kitu chochote. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote atakaloomba, na hakuomba.

22 Desemba, Jumapili

Haikukatika! Antipasi aliniita niangalie mwenyewe kwenye dirisha. Damu nyekundu, laini, imetulia kwenye kioo kama ilivyowekwa. Akarudia mara ya pili kwa sababu hakuamini, ikawa vilevile. Nililia mbele ya watu. Mzee Mughwai alinyoosha mkono mkavu wenye mishipa mikubwa, akatazama ukutani mpaka chupa ikajaa.

24 Desemba

Mkojo umekuwa mweupe. Ameomba mlenda.

25 Desemba

Krismasi wodini. Tumekula wali wa masista.

26 Desemba

Daktari ametuambia wazi. Ugonjwa hautaondoka. Atahitaji damu tena, labda mwaka huu, labda mwakani, na askari waliokwisha kujifunza hawasahau, hata kama kwenye kioo wataonekana wamelala. Kwa sasa mtu anayemfaa tunamjua mmoja tu. "Mtunzeni huyo mzee," akasema, kwa mzaha wa kizungu. Sikucheka, wala Melkizedeki.

5 Januari 1975

Mkutano wa kijiji. Melkizedeki ametangaza kwamba zamu imekwisha, akawashukuru wote kwa majina. Yalikuwa maneno mazuri lakini watu waliyapokea kwa baridi. Balozi mmoja akauliza, kama zamu ya damu ilikuwa makosa, tutajuaje kwamba zamu nyingine si makosa? Samweli alikaa nyuma, hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho.

13 Januari

Shule imefunguliwa. Anastasia amekaa dawati la mbele.

30 Januari

Mvua nyingi. Mtoto wa Samweli amepigana shuleni kwa sababu wenzake walimwimbia kwamba baba yake ana damu ya nyoka. Niliwaadhibu, kisha nikachora ubaoni duara za damu na alama zake, nikaeleza mpaka chaki ikaisha. Darasa la tatu wakanakili michoro vizuri sana. Waliporudi nyumbani wazazi wao wakawaambia mwalimu anamtetea.

Ningepaswa kwenda kwa Samweli mwenyewe. Sikwenda. Nilisema wiki ijayo, kuna palizi.

11 Februari

Samweli amefunga vitu vyake akarudi mahame yake ya zamani, ng'ambo ya korongo, si mbali na mzee Mughwai. Amesema huko hakuna anayemtazama mkono.

19 Februari

Mzee Mughwai amemtumia Anastasia maziwa. Melkizedeki alipeleka dumu tupu mwenyewe, na anasema ameitikiwa marahaba. Aliniambia akiwa amegeukia ukuta, lakini nilisikia furaha yake.

3 Machi

Bwana wa operesheni amefika na lori na mgambo wanne. Amekuja kuwachukua waliorudi mahame, wapelekwe kijiji kipya cha mbali, upande wa mbuga, ili wasiweze kurudi kirahisi. Alikunywa chai uani kwetu. Mimi ndiye niliyeimimina.

"Haya, Ndugu Mwenyekiti," akasema. "Ng'ambo ya korongo kuna nani?"

Melkizedeki alinitazama mimi. Tangu nimeolewa sijamsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumtuliza mgeni. Ni jambo ambalo nimemcheka nalo na kumheshimu nalo.

"Samweli," akasema.

"Peke yake? Na yule mzee mbishi?"

"Mughwai alihamia kwa wakwe zake, Kintinku. Yuko Samweli tu. Ukifika kwenye mti uliopigwa radi, kata kulia."

Bwana yule akaridhika. Nikamwongezea chai. Ningeweza kusema kitu. Niliwaza, uongo ni uongo, angesema hakuna mtu hata mmoja. Lakini niliona alichokiona yeye: bwana yule akijibiwa hivyo angekwenda kuangalia mwenyewe na kuwakuta wote wawili. Alikuwa amekuja na lori, alihitaji mtu wa kupakia. Melkizedeki alimchagua Samweli, na mimi nilimsogezea mgeni sukari.

Lori lilirudi mchana likipitia mbele ya shule. Watoto wangu wote walitoka kutazama, na Anastasia alikuwa mbele yao, amenenepa mashavu, anaruka ruka. Samweli alikuwa amekaa juu ya kitanda chake katikati ya kuku na sufuria, mke wake amejifunika khanga usoni, watoto wawili wameshika miguu ya meza. Dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya matope.

Samweli akaniona. Akainua ule mkono aliotolewa damu.

"Mwalimu!" akaniita kwa sauti yake ileile ya zamani. "Mtoto hajambo?"

Nikamjibu, "Hajambo, Samweli."

"Nimemwona! Mungu ashukuriwe!" akasema, na lori likaondoka.